Baba yuaelewa kila kitu, mbona hawezi kurudia neno moja?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni wa Langoni, Lamu. Babangu ana miaka 66, alikuwa nahodha wa jahazi miaka mingi. Miezi minane iliyopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea wiki mbili tatu kisha ukarudi. Kuongea anaongea, tena sana, na tukimwambia kitu yuaelewa. Lakini ukimwambia rudia neno hili, hawezi, analivuruga vuruga mwisho anakasirika. Hata namba ya simu ukimtajia ya kutuma M-Pesa inampotea hapo hapo. Ajabu Yasini anaisoma mwanzo mwisho bila kukosea. Nyumbani wengine wanasema anadeka, wengine wanasema si kiharusi ni mambo mengine. Mombasa walimpiga picha ya kichwa wakatuambia mahali penyewe pa lugha pako salama, kilichoumia ni nyuzi nyeupe. Nyuzi gani hizo? Na zitarudi?

JIBU: Wa alaikum salaam dadangu. Pole sana, na mzee mfikishie salamu zangu. Nimekaa na swali lako siku tatu manake mi mwenyewe mzawa wa Mkomani, na kazi yangu miaka yote hii ni watu waliopotewa na maneno baada ya kiharusi, na nikwambie ukweli umemueleza babako vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazoletewa mezani.

Hilo la kudeka tulimalize kwanza. Hadeki. Mtu anayedeka hukataa kula, hukataa dawa, hununa, hawezi kuchagua kijambo kimoja kidogo namna hiyo akashindwa nacho kila siku miezi minane. Hali yake ina jina, inaitwa afasia ya kondaksheni (afasia ni lugha kuvurugika baada ya ubongo kuumia), na kuna daktari wa Kijerumani aliiandika mwaka 1874, nitafika kwake. Na hilo la "mambo mengine", mi sibishani na wakubwa, dua isomwe na kombe linywewe kama mmezoea, ila vidonge vya presha visikatwe hata siku moja, hapo patarudiwa.

Haya, nyuzi nyeupe.

Ukikata ubongo utaona kitu kama muhogo: juu ganda jembamba la kijivu, unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu, halafu ndani kweupe. Lile ganda la kijivu ndiko ziliko seli zenyewe zinazofanya kazi. Kule ndani kweupe ni nyuzi zinazotoka kwenye hizo seli kwenda kwa wenzao, na weupe wake ni mafuta, kila uzi umeviringishwa ganda la mafuta linaloitwa mayelini. Hayo mafuta si pambo. Uzi mtupu usiovishwa, habari inatembea kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa punda aliyebeba matofali toka asubuhi, na zile nyuzi nene zilizovishwa vizuri huko mwilini zinapitisha mita 100 kwa sekunde na zaidi. Na nyuzi ziko nyingi kiasi cha kutisha. Watafiti wa Denmark mwaka 2003 walikadiria ukiziunga ncha kwa ncha zile zenye mafuta za mtu mmoja wa miaka 20 utapata kama kilomita 176,000 kwa mwanamume na 149,000 kwa mwanamke. Kuizunguka dunia mara moja ni kilomita 40,000, sasa piga hesabu mwenyewe.

Wazungu wakieleza haya hupenda kusema nyaya za umeme, mi naona sisi wa Lamu tuna mfano bora tena wa mlangoni kwetu. Mji wetu hauna magari. Saruji, mchanga, unga, soda, kila kitu kinapita kwa punda ama kwa mkokoteni kwenye vichochoro. Sasa chukua fundi ameketi Langoni kwenye nyumba anayojenga, mikono yake mizima, mwiko anao. Na saruji iko forodhani imeshushwa, mifuko yote mikavu. Katikati ukuta wa nyumba ya kale umeanguka ukaziba kichochoro. Saruji haifiki. Mtu asiyejua akipita atamuona fundi amekaa tu, atasema huyu fundi mvivu huyu. Ndo mnavomfanyia mzee bila kujua. Masikio yake mazima, mdomo wake mzima, akili yake nzima, kilichoziba ni ndia baina ya hivyo. Nimeandika ndia, yaani njia kwa Kiamu, makusudi, manake ukiacha majina yao marefu ya Kilatini, hivo ndivyo vilivyo.

Na hizo ndia si moja. Ziko kadhaa, lakini kwa habari ya babako zinatosha mbili, ya juu na ya chini, na zote nazungumzia upande wa kushoto wa kichwa kwa sababu karibu watu wote wanaotumia mkono wa kulia lugha yao imekaa kushoto, na wa mkono wa kushoto pia wengi wao. Ndo maana mkono wake uliolegea ni wa kulia, ubongo wa kushoto huongoza mwili wa kulia.

Ndia ya juu inaanzia nyuma ya sikio, pale ubongo unapozitambua sauti za maneno, inapanda, inapinda kama upinde, halafu inakwenda mbele karibu na kipaji pale mdomo unapopangiwa cha kutamka. Kwa sababu ya kule kupinda wameiita akuati fasikulasi, yaani kifungu kilichopinda, basi, jina kubwa maana ndogo. Kazi yake ni kuchukua SAUTI kama ilivyosikika na kuipeleka mdomoni. Haiulizi maana.

Ndia ya chini inapita chini chini, toka nyuma ya ubongo na pembeni kwenda mbele, na yenyewe inahusika na MAANA. Umesikia "punda", kabla hata hujatamka umeshamuona na shogi lake mgongoni.

Ukitaka kuona ndia ya juu ikifanya kazi peke yake nenda madrasa yoyote asubuhi. Mtoto wa miaka mitano anamsikiliza maalim anatoa aya ya Kiarabu, mtoto hajui Kiarabu hata neno, na anairudisha vile vile, madda kwa madda, ghunna kwa ghunna. Maana hana, ana sauti tu, na sauti imetoka sikioni ikaingia mdomoni bila kupita kwengine. Sisi wote tumekula viboko kwa ajili ya akuati fasikulasi na hatukujua! Na si mchezo, ndiyo hiyo hiyo tunayojifunzia maneno mapya, mwaka 2013 watafiti wa Barcelona walipima watu wakiwa wanafundishwa maneno ya kubuni, wakakuta wale wenye ndia hii ya kushoto iliyo imara ndio walioyashika maneno vizuri. Nyani hawana hii kama yetu. Sokwe anayo, lakini uchunguzi wa mwaka 2008 uliolinganisha binadamu, sokwe na tumbili ulionyesha kwetu sisi imetanuka ikaingia mbali sana kule chini nyuma ya sikio, kwa sokwe kidogo, kwa tumbili kidogo zaidi.

Utaniuliza haya yamejulikanaje wakati kichwa kimefungwa. Hapo kuna hadithi naipenda, nivumilie.

Mwaka 1861 huko Paris alikufa mgonjwa mmoja, Leborgne, aliyekaa hospitali miaka 21 akiwa na neno moja tu mdomoni, "tan". Ukimuuliza jina, tan. Ukimuudhi, tan tan pamoja na matusi. Daktari wake Paul Broca akautoa ubongo, akakuta kidonda mbele upande wa kushoto, akatangaza hapa ndipo pa kusema. Dunia yote ikashika hapo, vitabu vyote tulivyosoma sisi vimeandika "eneo la Broca". Sasa jambo la maana ni kwamba Broca hakuukata ule ubongo vipande, aliutia kwenye dawa ukahifadhiwa mzima, na mwaka 2007, miaka 146 baadaye, watafiti wakauchukua wakauingiza kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kama mgonjwa aliye hai. Wakakuta kidonda kimezama ndani sana kuliko Broca alivyoona juu juu, kimekata mpaka zile nyuzi nyeupe za ndia ya juu. Kwa hiyo yule bwana hakupoteza nyumba peke yake, alipoteza na mtaa. Karne moja na nusu tulikuwa tunahesabu nyumba, vichochoro hatuvioni.

Sio wote lakini. Carl Wernicke, yule Mjerumani niliyekwambia, mwaka 1874 akiwa kijana wa miaka 26 alikaa akafikiri: kama mbele kuna pa kusema na nyuma kuna pa kusikia, lazima baina yao pawe na njia, na njia ikikatika pande zote mbili zikabaki nzima tutapata mgonjwa anayeelewa, anayeongea, lakini anayekosea maneno. Yaani babako. Alimpiga picha kabla hajamuona. Njia yenyewe aliikosea kidogo, alidhani inapita sehemu nyengine, lakini kwa kijana asiye na MRI mi namsamehe. Baadaye mambo haya yakasahaulika miaka mingi mpaka Mmarekani Norman Geschwind alipoyafufua mwaka 1965.

Kuziona nyuzi kwa mtu aliye hai kulianza kuwezekana miaka ya 1990, na ujanja wake ni maji. Ubongo umejaa maji, na maji hupenda kutembea kufuata uzi kuliko kuukata, kama mvua kubwa ikipiga Lamu maji yote hufuata mfereji wa kichochoro. MRI ya aina maalumu inapima maji yanaelekea wapi, kompyuta inachora ndia. Mwaka 2005 wataalamu wa London wakatumia hiyo wakaonyesha kwamba ule upinde si kamba moja, una ile ndefu ya moja kwa moja na nyengine mbili fupi zinazopita kwa kituo katikati, juu ya sikio kwa nyuma. (Hiyo skani msihangaike kuitafuta kwa mzee. Ni hela bure, haibadilishi matibabu yake, ile ya Mombasa yatosha.)

Na kuna ushahidi unaonishangaza mpaka leo kuliko skani zote. Ufaransa, mji wa Montpellier, daktari wa upasuaji Hugues Duffau anaondoa uvimbe wa ubongo mgonjwa akiwa macho, anaongea. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ukishapita ngozi na fuvu mgonjwa anaweza kupiga stori. Wanamuonyesha picha ataje, huku daktari anagusa sehemu ndogo kwa umeme mdogo kuizima kwa muda. Wakigusa ndia ya juu, mgonjwa anavuruga sauti za neno, tuseme badala ya "punda" anatoa "dunpa" ama "pumba". Wakigusa ya chini, sauti zinatoka safi kabisa lakini neno ni jengine: "farasi". Umeona? Moja inakosea herufi, moja inakosea maana, kwenye kichwa kimoja, dakika hiyo hiyo.

Basi mrudie mzee na macho hayo. Ukimwambia rudia "Mkunguni" naona hapa anakwambia "mgunku… mkungi… mnguku…" halafu anajua amekosea, anajirekebisha, anakaribia, anatoka tena. Sijakosea, sivyo? Mwambie hivi, atanielewa yeye kuliko wewe: ni jahazi kwenye upepo wa mbisho, bandari inaonekana lakini haiendeki moja kwa moja, lazima upinde huku upinde kule. Kule kujirekebisha ni ishara nzuri sana, kuna wagonjwa wa afasia nyengine wanaongea vurugu tupu na wala hawajui kama wanakosea. Yeye sikio lake la ndani linamsimamia. Na hasira yake inatoka hapo hapo, analijua neno. Wazee wetu wakipatwa na hii huniambia "naliyua, lakini haliyi", yaani nalijua lakini haliji, na hakuna kitabu kilichoeleza vizuri kuliko hivo.

Jaribu kitu kimoja, mara moja tu, usikifanye mchezo wa kila siku. Mpe sentensi: "Mashua imefika Mokowe." Mwambie arudie. Wengi wa aina yake watakwambia "boti… imewasili ng'ambo". Maneno mengine kabisa, maana ile ile! Sauti ilipotea kichochoroni lakini maana ilizunguka kwa ndia ya chini ikafika. Na ukimpa neno lisilo na maana, la kubuni, hatoki nalo kabisa, kwa sababu lisilo na maana halina ndia ya chini ya kupitia.

Namba ya simu ni hivo hivo. Namba kumi hazina maana, ni sauti kumi za kushikwa kichwani sekunde chache kwa kujirudia kimoyomoyo, na hako kajirudio ka kimoyomoyo kanatumia ndia ile ile ya juu. Si kwamba anasahau kama wazee wanaoanza kupoteza kumbukumbu. Muulize jahazi lake liliundwa wapi na nani, uone kama amesahau.

Na Yasini? Kitu kilichohifadhiwa tangu utotoni, kikasomwa mara elfu na elfu, hakitengenezwi tena neno kwa neno, kimeshakuwa kama kutembea, kimeshika sehemu nyengine za ubongo, zile za mazoea za ndani na za upande wa kulia pia. Dua, kuhesabu moja mpaka kumi, kaswida za Maulidi, hata matusi, hubaki kwa wagonjwa wengi waliopoteza mengine yote. Lakini usimkate katikati ukamwambia "haya rudia aya hii peke yake", hapo umeshamtoa kwenye mazoea umemrudisha kwenye kichochoro kilichoziba, atakwama na ataona haya.

Nisifiche, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wako wanaosema kosa si nyuzi peke yake, ni kile kituo chenyewe cha juu nyuma ya sikio, ganda la kijivu pale, ndilo linaloshikisha sauti na mdomo, na kuna wagonjwa waliokatika nyuzi na kurudia wanarudia. Mi maoni yangu ni kwamba kiharusi hakisomi vitabu vyetu, mshipa wa damu ukiziba unaua ganda na nyuzi zilizo chini yake pamoja, kwa hiyo kwa mgonjwa aliye mbele yangu ule ubishi hauna faida kubwa.

Sasa hili hapa ndilo nililotaka kulisema toka mwanzo, na nalisema kwa aibu. Mgonjwa wangu wa kwanza wa aina hii alikuwa mama muuza viazi karai. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo, nikaona hawezi kurudia, bas nikamfanyisha kurudia. Maneno 40 kila kikao, wiki tano. Sema kijiko. Sema dirisha. Sema hospitali. Kila siku anakosea mbele yangu, kila siku namsahihisha, nikiandika kwenye faili "mgonjwa hashirikiani". Akaacha kuja. Miezi miwili baadaye nikampita barabarani, amekaa kwenye karai lake, anamgombeza mteja, anataja bei, anarudisha chenji, anaongea kama redio. Aliponiona akanyamaza kimya. Mi ndo nilikuwa nimemfundisha kunyamaza.

Nyumba yenu nina hakika imejaa watu wenye nia njema wanaomwambia mzee "sema jahazi, sema ja-ha-zi". Waambieni waache. Sisemi kurudia ni haramu, mtaalamu wa tiba ya usemi anaweza kumpa mazoezi ya kurudia kwa mpango, anaanza na vifupi vyenye maana, anapanda taratibu, na yanasaidia. Lakini si mtihani wa kila mgeni anayeingia ukumbini.

Nyinyi nyumbani mfanye kinyume, mpeni maana, neno litoke lenyewe. Usimwambie "sema foromali". Muulize "baba, tanga lilikuwa likifungwa kwenye nini?" Usimwambie "sema kusi", muulize "upepo gani uliwapeleka kaskazini na mwezi gani ulikuwa ukianza?" Na akikwama msimkamilishie haraka, hesabu kumi kimoyomoyo, halafu mpe kidokezo cha maana, si cha herufi. Akishindwa bado, liandikeni neno alione. Jicho lina mlango wake, baadhi ya wenye hali hii wakiliona neno limeandikwa linatoka vizuri, na kama yeye kama wazee wengi wa kwetu kusoma kwake ni kwa herufi za Kiarabu, mwandikieni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tafuteni mjukuu mwenye hati nzuri. Mazungumzo yawe ya mtu mmoja, redio na TV zizimwe, sentensi fupi. Na mpeni nafasi za kuongea yaliyo yake: wajukuu wakae awaeleze namna ya kusoma nyota ama kupita kwenye mwamba usiku. Nusu saa ya hivo ina faida kuliko "sema kijiko" mara mia.

Zitarudi? Uzi uliokatika kwenye ubongo wa mtu mzima hauungwi kama kamba, nisikudanganye. Kinachotokea ni vichochoro vyengine kutanuliwa. Ndia ya chini inabeba mzigo zaidi, zile fupi za pembeni zinasaidia, upande wa kulia nao unachangia kwa baadhi ya watu. Afasia ya kondaksheni ni katika zile zinazopona vizuri zaidi kuliko nyengine. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, hiyo imeshapita, ila mlango haujafungwa. Mwaka 2017 Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 156 waliokuwa wamepitisha miezi sita na zaidi toka kiharusi, umri mpaka miaka 70, wakapewa tiba ya usemi ya nguvu, saa 10 ama zaidi kwa wiki kwa wiki tatu, na mawasiliano yao ya kila siku yakapanda kuliko wale waliosubiri zamu. Babako na miaka yake 66 na miezi minane angeingia kwenye kundi hilo. Saa 10 kwa wiki za mtaalamu huko Lamu najua ni ndoto, kwa hiyo pangeni hivi: mje Mombasa kwa mtaalamu wa usemi siku mbili tatu mfululizo, apime, awafundishe nyinyi wawili watatu, mrudi mkafanye nyumbani kila siku, kisha mfuatilie kwa simu ya vidio. Kuvuka Mokowe na basi zima kwa kikao cha dakika 40 kila wiki mtachoka na mtaacha. Aha, na mtu akikwambia kuna tiba ya kuimba, ipo kweli, ilianza Marekani miaka ya 1970, lakini ni ya wale ambao maneno hayatoki kabisa, si yake.

Presha. Mishipa ya damu inayolisha ile sehemu nyeupe ni myembamba sana, na presha ya muda mrefu huiziba mmoja mmoja, hata bila mtu kuanguka, nyuzi zinakufa kimya kimya. Kichochoro kimoja kimeziba, hivyo vilivyobaki ndivyo anavyoishi navyo, mvilinde. Vidonge kila siku hata akijisikia mzima, apimwe, na kwa mtu aliyekwisha pata kiharusi kwa kawaida tunalenga chini ya 130 kwa 80, daktari wake ataamua. Sukari ipimwe. Samaki wa chumvi na achari vipungue, sigara iishe. Na mkiona ghafla uso umekwenda upande, mkono umekufa tena, maneno yamegeuka vurugu ama hatembei sawa, msingoje alfajiri wala msimlaze "apumzike". Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu toka dalili ianze, na kutoka kisiwani kwenyewe kunakula muda, kwa hiyo nambari ya mwenye boti ya usiku iwe kwenye simu ya kila mmoja wenu kuanzia leo.

Na M-Pesa usiniambie mumemnyang'anya simu. Mwandikieni namba kwa kalamu nene, si kumi kwa mkupuo, zikate tatu tatu na nne ya mwisho, abonyeze huku anaziona, na kabla ya kutuma jina la mtu linatokea kwenye kioo alisome mwenyewe. PIN yake ataijua kwa vidole, hiyo msimuombe aitaje, kwanza si yenu.